Maoni juu ya Neno "Kurithi" katika Habari za Sonona

Katika makala haya nakusudia kulichunguza neno moja, nalo ni kitenzi kurithi, kama kitumiwavyo siku hizi na wale waandikao habari za afya kwa Kiswahili wanapoeleza kwamba ugonjwa wa sonona hupita kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto, na pengine hadi kwa wajukuu. Sentensi zao aghalabu huwa za namna hii: "Watoto hurithi sonona kutoka kwa wazazi wao." Sarufi yake haina kosa. Walakini maana aipatayo msomaji wa pwani katika sentensi hiyo siyo ile waliyoikusudia wataalamu wa tiba. Tofauti hiyo si jambo dogo, kwani yaweza kumfanya mama aufiche ugonjwa wake asije akawaharibia wanawe jina, na yaweza kumfanya binti aliye mzima akose mchumba.

Nimeuchagua mji wa Pangani uwe kipimo cha neno hili kwa sababu tatu. Kwanza, Pangani ni mji wa Mrima, jirani na nchi ya Mtang'ata ambayo lahaja yake ilielezwa na W. H. Whiteley mwaka 1956. Kiswahili cha wenyeji wake ni cha mama na bibi, si cha shuleni, na neno likipotoka maana hapo, basi limepotoka kweli. Pili, ndipo Shaaban Robert alipofanya kazi ya ukarani wa forodha katika ujana wake, naye ni mwandishi ambaye kazi zake zatuhusu sana katika jambo hili, kama nitakavyoonyesha. Tatu, Pangani ni nchi ya minazi, na mahali penye minazi neno kurithi si la vitabuni. Ni neno la kila msiba.

Na tutazame kwanza neno lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, nalo limeingia kwetu pamoja na jamaa zake: mirathi, urithi, mrithi, warithi. Mwenye shamba akifa, minazi yake huhesabiwa. Gharama za maziko na madeni hutolewa, wosia wake hutimizwa katika mpaka wa theluthi moja, kisha kilichosalia hugawanywa kwa mafungu yanayojulikana, mtoto mwanamume akipata mara mbili ya mtoto mwanamke. Kwa hiyo, katika fikra za msemaji wa pwani, kurithi kuna mambo manne yasiyotengana. Mwenye kurithiwa amekwisha kufa. Kinachorithiwa ni kitu kamili, chaweza kuhesabiwa. Fungu la kila mmoja limekwisha kukatwa na sheria kabla yeye hajazaliwa. Tena mrithi hakulitafuta fungu hilo. Lamjia kwa sababu ya nasaba yake tu.

Sasa tuupime ugonjwa wa sonona kwa mambo hayo manne, tutaona kwamba hakuna hata moja linalolingana. Mama mwenye sonona yu hai, yumo nyumbani, na hali yake ya leo yamgusa mwanawe leo. Sonona si kitu kimoja kinachotoka mkono mmoja kikaingia mkono wa pili. Mafungu yake hayakukatwa na yeyote, na kama yangekuwapo yangekwenda kinyume cha mirathi, maana wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Na nasaba peke yake haitoshi kumpa mtu ugonjwa huu, kwani wapo watoto wa wazazi wagonjwa wasiougua kamwe, na wapo watoto wa wazazi wazima wanaougua.

Yafaa hapa nieleze kwa ufupi waliyoyaona wachunguzi, ili ijulikane ni jambo gani hasa tunalolitafutia maneno. Uchunguzi mashuhuri kuliko wote ni ule wa Myrna Weissman na wenziwe huko Marekani, ulioanza mwaka 1982 na kufuata jamaa zile zile hadi kizazi cha tatu. Mwaka 2006 walitangaza kwamba, baada ya miaka 20, watoto wa wazazi wenye sonona walikuwa katika hatari ya kupatwa na ugonjwa huo kama mara tatu ya watoto wa wazazi wasiougua. Mwaka 2016 wakaeleza habari za wajukuu: wale ambao mzazi wao aliugua, na mzazi wa mzazi wao vilevile, ndio waliokuwa katika hatari kubwa kuliko wote.

Wachunguzi wengine wametazama mapacha ili kupambanua yatokayo katika maumbile na yatokayo katika maisha. Mwaka 2000 Patrick Sullivan na wenziwe walizikusanya chunguzi za namna hiyo, wakapata kipimo cha asilimia 37. Kipimo hiki chasema kwamba, katika watu wengi wakilinganishwa pamoja, kama theluthi na ushei ya tofauti zilizopo baina yao kuhusu sonona yaelekea kutokana na tofauti za maumbile. Iliyobaki yatokana na mambo ya maisha. Hakisemi lolote juu ya mtu mmoja. Lakini mwambie mtu wa Pangani kwamba "asilimia 37 ya sonona hurithiwa", naye atafahamu jambo jingine kabisa: kwamba kila mtoto wa mgonjwa amekwisha kukatiwa fungu lake, kama minazi 37 katika shamba la minazi mia. Tusimlaumu msikilizaji huyo. Amelifahamu neno kama linavyofahamika kwao, na mwenye kosa ni aliyelichagua.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo linaloivunja kabisa mithali ya mirathi. Mwaka huo huo wa 2006, Weissman na wenziwe walieleza habari za akina mama 151 wa Marekani waliokuwa wakitibiwa sonona, pamoja na watoto wao wa umri wa miaka 7 hadi 17. Baada ya miezi 3, kwa watoto wa akina mama waliopona, maradhi ya akili yalipungua kwa asilimia 11; kwa watoto wa wale ambao hawakupona, yaliongezeka kwa asilimia 8. Watoto hao hawakupewa dawa katika uchunguzi huo. Aliyetibiwa ni mama. Ni mirathi gani hii ambayo mwenye mali akitibiwa, fungu la mrithi hupungua? Hakuna. Basi kitenzi kinachomficha msomaji habari njema kama hii hakifai, hata kiwe kimezoeleka namna gani.

Wapo watakaonipinga wakisema kwamba neno kurithi limekwisha kuingia katika elimu ya viumbe, nasi twasema bila taabu kwamba mtoto amerithi rangi ya macho au amerithi selimundu. Nakubali. Katika selimundu neno hili lapatana na mambo yenyewe, maana mtoto hupata chembe ya urithi yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, akawa mgonjwa; hapo kweli pana fungu, na fungu laweza kuhesabiwa. Hoja yangu si kulifukuza neno katika elimu. Ni kwamba sonona na selimundu ni mambo mawili mbalimbali, na lugha inayoyatia katika kitenzi kimoja yamnyima msomaji njia ya kuyapambanua.

Na jina la ugonjwa wenyewe je? Hapa waandishi wetu wamefanya vizuri zaidi, ingawa si wote. Lugha yetu ina utajiri wa maneno ya majonzi: huzuni, simanzi, jitimai, ukiwa, kihoro. Lakini mengi katika hayo yana sababu yake nje ya mtu. Mwenye kihoro amepotewa na mtu au kitu. Mwenye ukiwa ameachwa. Sonona latokana na mzizi ule ule wa kusononeka, kitenzi cha maumivu yaliyo ndani, nacho hakimlazimu mtu kutaja nani aliyekufa wala nini kilichopotea. Kwa hiyo lafaa kuwa jina la ugonjwa ambao mara nyingi mgonjwa mwenyewe hajui umetoka wapi. Unyogovu, neno ambalo limeenea sana katika maandishi yaliyofasiriwa upesi upesi, halina mizizi ya namna hiyo katika vinywa vya watu, wala silioni likimsaidia msomaji ila kumwonyesha kwamba lililoandikwa si lake.

Wataalamu wa tiba wenyewe wamekwisha kutambua kwamba jambo hili ni la lugha pia. Sylvia Kaaya na wenziwe wa Muhimbili walilijaribu dodoso la Hopkins, lililotungwa Marekani, kwa wanawake wajawazito wenye virusi vya Ukimwi huko Dar es Salaam, wakatoa matokeo yao mwaka 2002. Na mwaka 2008 wakaeleza dodoso jingine lililojengwa hapa hapa nchini. Huko Zimbabwe, waganga waliosoma walilichukua neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, wakalifanya mlango wa kuzungumza na wagonjwa; na tiba ya wazee wanawake waketio na wagonjwa katika mabenchi, iliyoanzishwa na Dixon Chibanda, ilipimwa Harare na matokeo yake kutangazwa mwaka 2016, ikaonekana yafaa. Sisi nasi tunalo neno hilo. Watu husema "ana mawazo", na kila mtu akafahamu kwamba mawazo hayo si fikra za kawaida. Lakini juhudi zote hizi zimehusu jina la ugonjwa na dalili zake. Kitenzi cha kuupitisha kutoka kizazi hadi kizazi bado hakijatazamwa.

Wenyeji wa pwani, kabla ya kuja kwa madodoso, walikuwa na namna zao za kulieleza jambo hili. Namna moja ni ile ya pepo. Husemwa kwamba pepo aweza kukaa katika ukoo, akamwacha bibi akamshika mjukuu, na hapo pia kitenzi kurithi hutumika: "amerithi pepo la bibi yake." Sisemi kwamba sonona ni pepo. Nataka wasomaji waangalie jinsi usemi huo unavyotumika. Hakuna asemaye hivyo akanyamaza. Mara huulizwa: ni pepo wa kabila gani, ataka nini, na ni nani atakayempunga? Kwa hiyo katika mazungumzo hayo neno kurithi huanzisha shughuli. Jamaa hukusanyika, mgonjwa hapewi kisogo. Katika maandishi ya afya neno hilo hilo hufunga shughuli, kwani likisha kutamkwa hakuna swali linalofuata. Mwandishi wa karatasi ya hospitali amechukua kitenzi akaacha maswali yake.

Namna ya pili ni ya methali, na hapa sarufi yatufundisha mengi. Iko methali isemayo Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ndani yake hamna kitenzi ila ni, ambayo haina wakati, haina sharti, haina pengine. Iko nyingine, Mwana hufuata kisogo cha nina, na ya tatu, Maji hufuata mkondo. Hizi zina kiambishi hu-, ambacho hakichukui nafsi wala wakati maalum. Husema lililo desturi, lililokuwa na litakalokuwa. Msikilizaji wa methali amezoea kwamba penye hu- pana kanuni ya dunia. Basi mwandishi anapoandika "watoto hurithi sonona", huenda yeye alitaka kusema lililo la mara kwa mara tu. Lakini sikio la msomaji lasikia kanuni kama ya maji na mkondo. Makosa mawili yamekutana katika neno moja: mzizi wa mirathi na kiambishi cha methali.

Lakini iko methali nyingine, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayokaribia zaidi ukweli wa wachunguzi: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma; kuvukuta ni kuvuta mivukuto ili moto uwake. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa yasema mtoto hakosi kuchukua sehemu ya tabia au kazi ya mzazi wake, na fasiri hiyo ni sahihi. Ila tuangalie maneno yenyewe. Katika asiposana mna -sipo-, sharti la kukanusha, na hilo lafungua mlango uliofungwa na methali ya nyoka. Mwana wa mhunzi aweza asisane kamwe. Lililo la hakika ni kwamba amelelewa karibu na moto. Kukaa karibu na moto ndiko kuwa katika hatari; kuungua ni jambo jingine, nalo lategemea mengi: jinsi moto ulivyo, jinsi mtoto alivyo, na kama yuko mtu wa kumvuta nyuma.

Tukiingia katika fasihi iliyoandikwa twaona mgawanyiko huo huo. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), ametuandikia riwaya mbili ambazo wahusika wakuu wake, Rosa na Kazimoto, hujiua wenyewe. Katika ya kwanza balaa latoka kwa baba mlevi na mkali, yaani katika malezi; katika ya pili ladhihirika katika mwili wa mtoto azaliwaye na kichwa kikubwa. Wahakiki wengi wamezisifu riwaya hizi kwa ujasiri wa kuyatazama mateso bila kuyafunika, nami nazisifu vivyo hivyo. Walakini kuhusu jambo letu zina upungufu: kupita kwa mateso kutoka mzazi hadi mtoto kwaonyeshwa kama maji na mkondo. Msomaji aliyeugua, au aliye mwana wa mgonjwa, huoneshwa kidonda chake kwa ukweli mkubwa, lakini haoneshwi mahali popote ambapo mambo yangaliweza kwenda vingine.

Utanzu wa wosia wafanya kinyume cha hayo. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake kwa ajili ya binti yake kama mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na hakuishi muda mrefu baada yake. Shaaban Robert katika Maisha Yangu aeleza kufiwa na mkewe Amina, na katika kitabu hicho hicho mna tenzi mbili, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Jambo hili, la majonzi ya baba na nasaha kwa watoto kukaa ndani ya jalada moja, halikuangaliwa vya kutosha. Baba huyu hawaachii watoto majonzi kama mirathi. Ayasimulia mbele ya watu, kisha awaachia watoto maneno ya kushika. Tofauti ya wosia na mirathi ni kubwa: wosia hunenwa na mtu aliye hai kwa hiari yake, nao humtaka anayeusikia afanye jambo.

Hata hivyo wosia nao una upungufu wake, na si haki kuuficha. Huagiza mengi juu ya dini, adabu, ndoa na kazi, lakini juu ya ugonjwa wa mzazi husema kidogo, wala haumwambii mtoto: haya yaliyonipata yaweza kukupata nawe, dalili zake ni hizi, na ukiziona fanya hivi. Basi riwaya inayo dalili bila njia, na wosia unayo njia bila dalili. Sentensi moja inayobeba yote mawili, yaani tahadhari yenye sharti, ndiyo tunayoikosa, nayo ndiyo anayoihitaji muuguzi anapoketi na mama katika zahanati ya Pangani.

Napendekeza tuichukue sarufi ya methali ya mhunzi tuitie katika desturi ya wosia. Badala ya "watoto hurithi sonona", na iandikwe: "Mtoto wa mzazi mwenye sonona yu karibu zaidi na ugonjwa huo kuliko wenziwe, lakini mzazi akitibiwa, hatari ya mtoto hupungua." Ikiwa msemaji ni muuguzi kijana na aambiwaye ni mtu mzima, na aseme baada ya salamu: "Shikamoo mama. Haya mawazo yako ni ugonjwa, nao watibika. Ukijitibu wewe, umemsaidia na mwanao." Maneno hayo ni mepesi. Hayamwambii mama kwamba amemharibu mwanawe, wala hayamfichi kwamba mwanawe ahitaji kuangaliwa. Tena yamo -ki- na -ji-, ambazo humrudishia mgonjwa kazi ya kufanya. Zaidi ya hayo, matibabu ya namna hii si lazima yawe ya gharama kubwa: huko Rawalpindi, Pakistan, Atif Rahman na wenziwe waliwafundisha wahudumu wanawake wa vijijini kuzungumza na akina mama wenye sonona, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliobaki wagonjwa walikuwa asilimia 23, ilhali miongoni mwa wenzao wasiopata mafunzo hayo walikuwa asilimia 53.

Nimesema mwanzoni kwamba binti aweza kukosa mchumba. Wenye kuijua pwani wanajua kwamba posa haikubaliwi kabla ukoo haujachunguzwa, na wachunguzaji ni wazee wanaopima maneno kwa uzito wake wa zamani. Wakisikia kwamba ugonjwa wa mama "hurithiwa", watafanya hesabu ya mirathi, nao hawatakosea hesabu. Tukiwapa kitenzi kingine, watafanya hesabu nyingine.

Kazi iliyobaki ni yetu sisi wachunguzi wa lugha. Yafaa yakusanywe, kutoka Pangani hadi Tanga na katika vijiji vya Mtang'ata, maneno yote watu wayatumiayo kusema kwamba mtoto amefanana na mzazi: amemchukua, amevuta kwao, amefuata upande wa mama, na mengineyo. Kila moja lipimwe kwa maswali matatu: je, lasema kitu kizima au sehemu yake, je, lasema hakika au pengine, na je, laacha nafasi ya kutenda? Orodha hiyo ikiisha kutengenezwa, ipelekwe kwa waandikao habari za afya kabla hawajachapa karatasi nyingine.